Dawa, Bangi na Kanabijeroli: Uhakiki wa Sentensi Moja

Kazi ya kusanifu istilahi hudhaniwa na wengi kuwa kazi ya mezani, ya watu wenye kamusi na kalamu, ambayo haimgusi mwananchi mpaka aingie darasani. Dhana hiyo si sahihi. Ziko istilahi ambazo zikikosekana, au zikikosewa, madhara yake humfikia mgonjwa kabla hayajamfikia mwanafunzi. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki namna Kiswahili kinavyotumika katika kuieleza kampaundi moja itokanayo na mmea wa bangi, ambayo haijulikani sana na ambayo hailevyi. Kampaundi hiyo kwa Kiingereza huitwa cannabigerol, na kwa kifupi CBG.

Hatukusudii kuitetea bangi, wala hatukusudii kuongeza sauti yetu katika kuishutumu. Bangi imeharamishwa nchini na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na hakuna tafsiri iwezayo kuliondoa katazo hilo. Hoja yetu ni ya lugha, nayo ni hii: Kiswahili kinao uwezo wote wa kueleza habari za kampaundi hii kwa ukweli, lakini mazoea ya wafasiri yanakinyima uwezo huo.

Tuanze na mfano. Tuseme mama mmoja wa Kibondo ana mtoto mwenye kifafa, na mtoto huyo anatumia vidonge vya fenobabitali alivyopewa hospitalini. Mama anasikia kwamba huko ng'ambo imepatikana dawa mpya itokanayo na bangi. Anamwendea mwalimu wa shule iliyo jirani na kumwuliza, "Mwalimu, habari hii ni ya kweli?" Mwalimu anayo karatasi iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, naye anamsomea: "Bangi ina dawa isiyo na madhara inayoweza kutibu magonjwa mengi."

Sentensi hiyo ni yetu. Tumeitunga kwa ajili ya mjadala. Lakini kila neno lililomo ni neno ambalo mfasiri wa kawaida angelichagua bila kusita, na sarufi yake haina kosa. Hata hivyo ina makosa manne ya maana, na lolote kati ya hayo laweza kumfanya mama huyo aache kumpa mwanawe vidonge. Kuiacha ghafla dawa ya kifafa huweza kuleta mishtuko isiyokoma, na hata kifo. Tutayachunguza makosa hayo moja baada ya jingine, lakini kwanza inatubidi tueleze kampaundi yenyewe ni kitu gani.

KAMPAUNDI YENYEWE

Mmea wa bangi una kampaundi zaidi ya mia moja za jamii moja ziitwazo kanabinoidi. Inayolevya hasa ni ile ijulikanayo kwa kifupi kuwa THC. Nyingine mashuhuri ni kanabidioli, yaani CBD, ambayo hailevyi. CBG ilitengwa na kuelezwa mwaka 1964 na wanakemia Yehiel Gaoni na Raphael Mechoulam huko Israeli, yaani mwaka ule ule walipoieleza THC. Kwa kawaida mmea uliokomaa huwa na kiasi kidogo sana cha CBG, aghalabu chini ya asilimia moja. Sababu yake ni kwamba umbo lake la asidi ndilo malighafi ambayo vimeng'enya vya mmea huigeuza kuwa asidi za THC, za CBD na za nyinginezo. Kinachobaki bila kugeuzwa ni kidogo.

Kuhusu afya, yaliyochunguzwa ni mengi na yaliyothibitishwa ni machache. Mwaka 2013 watafiti wa Italia walieleza kwamba CBG ilipunguza uvimbe wa utumbo mpana katika panya. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walionyesha kwamba ilipambana na bakteria sugu aina ya stafilokokasi katika panya walioambukizwa. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa watu wazima 34 wenye afya: kipimo cha miligramu 20 kiliwapunguzia wasiwasi kuliko kimiminika kitupu kisichokuwa na CBG, wala hakikuwalevya. Hayo ni mambo ya kutia moyo. Lakini panya si mtu, na watu 34 si taifa. Wala CBG haijaidhinishwa kuwa dawa ya ugonjwa wowote.

Kuhusu kifafa, jambo linalomhusu mama wa mfano wetu, habari ni kinyume cha alivyosikia. CBD ndiyo iliyopata idhini nchini Marekani mwaka 2018, ikiwa dawa iliyosafishwa na kupimwa, kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto. CBG ilipojaribiwa kwa panya waliosababishiwa mishtuko, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, haikuizuia. Nayo asidi yake, ilipojaribiwa kwa panya mwaka 2021, ilitoa matokeo yanayopingana: katika hali fulani ilisaidia na katika nyingine ilizidisha. Kwa hiyo herufi moja, D au G, na neno moja, asidi, si mapambo. Ndiyo tofauti baina ya dawa iliyoidhinishwa na kitu ambacho hakijulikani kitamfanya nini mtoto.

KOSA LA KWANZA: BANGI

Neno bangi ni la kale. Lilitujia kwa njia ya bahari kutoka katika lugha za Bara Hindi na Uajemi. Katika Kiarabu neno la ukoo huo huo, banji, leo lina maana ya dawa ya ganzi na usingizi itumiwayo na madaktari wa upasuaji. Basi neno moja limekuwa chombo cha mganga huku, na kosa la jinai kule. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Maneno ndivyo yaishivyo.

Ubaya umo katika kulitwika neno hili mzigo usio wake. Katika matumizi yetu bangi ni mmea ulioko shambani, ni majani yaliyokaushwa, ni moshi, ni hali ya mvutaji, na ni shtaka linalosomwa mahakamani. Sasa wafasiri wanaliongezea maana ya sita: kila kampaundi iliyomo ndani ya mmea huo. Hapo ndipo sentensi yetu inapopotosha. "Bangi ina dawa" humwambia msikilizaji kwamba akiupata mmea ameipata dawa. Lakini anayevuta majani hapati CBG. Anapata moshi, THC, na CBG kidogo isiyopimika kwa macho. Ni sawa na kusema kwamba mtama ni pombe kwa sababu pombe yaweza kutengenezwa kwa mtama.

Wako wafasiri walioiona hatari hii wakajaribu kuikimbia, lakini wakaangukia nyingine. Aina za mmea huu zilimwazo kwa ajili ya nyuzi, zenye THC kidogo sana, Waingereza huziita hemp, na mafuta mengi ya CBG yauzwayo ng'ambo hutokana na aina hizo. Kwa kuwa neno katani limepata kutumika kwa nyuzi za mimea mbalimbali, wengine hufasiri "mafuta ya katani". Tungependa wafasiri hao wafike Kasulu. Tangu zama za ukoloni, Buha ilikuwa nchi ya kutoa vibarua. Kuanzia mwaka 1944 chombo cha wenye mashamba kilichojulikana kwa jina la SILABU kiliandikisha watu na kuwapeleka katika mashamba ya mkonge, na wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda kwa wingi Tanga na Morogoro kuwa manamba. Katika familia za huko, katani ni nyuzi za mkonge ambazo babu alizikata kwa kuhesabiwa matita. Ukimwambia mjukuu wake kwamba katani hutoa mafuta yatulizayo wasiwasi, ama atacheka, ama ataamini na kwenda kuuchuma mkonge. Istilahi huundwa kwa ajili ya watu wenye kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo inatulazimu tuseme "bangi ya nyuzi", jina lisiloficha kwamba mmea ni ule ule na kwamba sheria inauhusu.

KOSA LA PILI: DAWA

Kosa hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa limejificha katika neno tunalolipenda. Dawa katika Kiswahili ni kitu chochote kinachotiwa mahali ili kilete badiliko. Tuna dawa ya mafua, ambayo huyaondoa mafua. Dawa ya meno, ambayo huyasafisha meno. Dawa ya viatu, ambayo huving'arisha. Na dawa ya panya, ambayo humwua panya. Kiunganishi -a hakituambii lolote kuhusu uhusiano uliopo. Ni desturi ya maisha inayotuambia. Kwa hiyo "dawa ya bangi" yaweza kuwa dawa itokanayo na bangi, na yaweza pia kuwa dawa ya kumwachisha mtu bangi. Juu ya hayo tumeunda "dawa za kulevya", na hivyo neno la kuponya likawa pia neno la kuangamiza.

Watu wenyewe wameihisi kasoro hii. Wengi husema "madawa" wanapokusudia vitu vya kulevya, na "dawa" wanapokusudia vya hospitali. Walimu hulisahihisha neno "madawa", na kisarufi wana haki, kwa maana dawa ni dawa katika umoja na wingi. Hatupendekezi kosa lihalalishwe. Lakini inafaa tusikie kosa hilo linasema nini: msemaji anatafuta mpaka ambao lugha sanifu haikumpa.

Mpaka huo upo karibu, tena kwa jirani. Kinyarwanda huita vitu vya kulevya ibiyobyabwenge, yaani vipotoshavyo akili. Kirundi huviita ibiyayuramutwe, jina ambalo ndani yake limo neno umutwe, yaani kichwa. Katika lugha zote mbili dawa ya mgonjwa ni umuti, na bangi ina jina lake, urumogi. Mtu wa Kibondo ambaye Kiha chake ni ndugu wa karibu wa lugha hizo, na ambaye sokoni na katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu na Nduta amesikia Kirundi miaka nenda miaka rudi, anao mkabala huo masikioni mwake. Anapokuja kwenye Kiswahili anakuta "dawa" pande zote mbili. Hatusemi tukope majina hayo, wala hatusemi kwamba "dawa za kulevya" lifutwe; limekwisha kuingia katika jina la sheria na la mamlaka inayoisimamia. Tunachosema ni kwamba pale ambapo kitu bado kinachunguzwa, mfasiri asitumie neno dawa kabisa. CBG ni kampaundi. Itakuwa dawa siku ile itakapothibitishwa na kusajiliwa na mamlaka husika, ambayo kwetu ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Hapa tuongeze neno juu ya kampaundi. Wengine hupenda kusema "mchanganyiko" kwa kuwa ni Kiswahili safi. Lakini mwalimu wa sayansi anajua kwamba mchanganyiko ni kitu kingine: chumvi na mchanga ni mchanganyiko, chumvi yenyewe ni kampaundi. Wengine husema "kemikali", neno ambalo kwa mwananchi lina harufu ya sumu ya shambani. Kampaundi ni neno la mkopo, lakini halidanganyi wala halitishi.

KOSA LA TATU: ISIYO NA MADHARA

Kiini cha kosa hili ni neno la Kiingereza linalokusudia kitu kisichobadili hali ya akili. Mfasiri hulifasiri kwanza "isiyo na athari kwa akili". Kisha, kwa kuwa athari katika mazungumzo yetu imeelemea upande wa ubaya, hulibadili kuwa "isiyo na madhara kwa akili". Na mwishowe, kwa kufupisha, "isiyo na madhara". Kwa hatua tatu ndogo tumetoka kwenye sifa ya kikemia tukafika kwenye dhamana ya usalama ambayo hakuna mtafiti aliyeitoa.

Tena neno la asili lenyewe si sahihi. Kitu kinachopunguza wasiwasi kinagusa akili, maana wasiwasi hauishi kwenye goti. CBD nayo, ambayo hailevyi, huleta usingizizi, huweza kupandisha vipimo vya ini, na huingiliana na baadhi ya dawa za kifafa. Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kutenganishwa: kulevya, kuathiri na kudhuru. Kiswahili kina kitenzi safi kwa kila moja. Kampaundi hii hailevyi. Huathiri mwili na akili kwa namna ambazo bado zinachunguzwa. Na kuhusu kudhuru, asiye na ushahidi na anyamaze. Istilahi tunayoihitaji, "isiyolevya", imekuwamo vinywani mwetu siku zote, nayo ni bora kuliko ile ya Kiingereza.

KOSA LA NNE: INAYOWEZA KUTIBU

Mwandishi wa Kiingereza akitaka kusema kwamba jambo huenda likawa, hutumia neno jepesi la shaka, may. Mfasiri wetu huandika "inaweza". Lakini kuweza katika Kiswahili ni kwanza kuwa na uwezo. "Mtoto huyu anaweza kusoma" maana yake anajua kusoma, si kwamba huenda akasoma. Kwa hiyo "inaweza kutibu" husikika katika sikio la mama wa Kibondo kuwa "ina nguvu ya kutibu". Shaka ya mtafiti imegeuka uhakika wa mganga, bila mfasiri kudanganya hata kidogo kwa kusudi.

Dawa ya kosa hili ni rahisi. Kiswahili kina "huenda", "yamkini", "yawezekana kwamba" na "inadhaniwa". Lakini maneno ya shaka peke yake hayatoshi. Ni lazima sentensi itaje aliyejaribiwa. "Ilipunguza uvimbe wa utumbo katika panya" ni sentensi ya kweli. "Hupunguza uvimbe wa utumbo" si ya kweli bado, maana hu- ya mazoea hutangaza kanuni ya kudumu. Mfasiri wa habari za tiba na aihofu hu- kama mhasibu aihofuvyo sifuri ya ziada.

JINA LA KISWAHILI

Yamebaki maswali ya jina. Wako watakaosema kwamba hakuna haja ya kulipa jina jambo ambalo sheria imelikataza. Hatukubaliani nao. Kutaja si kuruhusu. Mkemia wa Serikali anapoandika ripoti ya kielelezo, karani anapoifasiri, hakimu anapoisoma, na muuguzi anapoulizwa swali na mgonjwa, wote wanahitaji jina. Haja hiyo imeongezeka tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Aidha, mwezi Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bangi katika orodha ya vitu vya hatari kubwa zaidi ya Mkataba wa mwaka 1961, kwa kura 27 dhidi ya 25, huku ikiibakiza katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa. Maofisa wanaopaswa kuyaeleza maamuzi ya namna hiyo kwa wananchi hawawezi kuyaeleza kwa neno moja.

Tunapendekeza "kanabijeroli". Jina la asili lina sehemu tatu: ya kwanza hutaja mmea, ya pili imetokana na jeranili, mnyororo wa kaboni uliopewa jina kutokana na ua la jeranio, ya tatu, -oli, ni alama ya kundi la kampaundi kama ilivyo katika ethanoli. Wako watakaopenda "kanabigeroli" kwa kufuata herufi. Lakini g ya Kiswahili ni ile ya gari na gunia tu, na sauti ya asili hapa ni j. Tukiandika g tutakuwa tumefuata jicho na kuliacha sikio. Kuhusu urefu, hatuna wasiwasi. Waliosema penisilini na klorokwini kwa vizazi viwili hawatashindwa na kanabijeroli. Kifupisho CBG kibaki kama kilivyo, kwa kuwa ni alama ya kimataifa kama zilivyo alama za elementi, na kwa kuwa mgonjwa atakiona hivyo hivyo kwenye chupa.

Basi mapendekezo yetu kwa ufupi ni haya:

(a) Bangi: mmea, na mazao yake yavutwayo au kuliwa. Lisitumike kwa kampaundi iliyotengwa.

(b) Bangi ya nyuzi: aina za mmea huo zenye THC kidogo sana. Neno katani libaki kwa nyuzi za mkonge.

(c) Kanabinoidi: jamii ya kampaundi hizo. Kanabidioli na kanabijeroli ziwe mifano yake.

(d) Asidi ya kanabijeroli: kitangulizi ambacho mmea hukigeuza kuwa asidi za kanabinoidi nyingine. Wanaoiita "mama wa kanabinoidi" wanafuata tamathali ya kigeni. Mama huzaa akabaki, hali kitangulizi hugeuzwa kikaisha.

(e) Isiyolevya: litumike badala ya "isiyo na athari" na "isiyo na madhara".

(f) Kampaundi inayochunguzwa: litumike badala ya "dawa" mpaka usajili upatikane.

HITIMISHO

Turudi kwa mwalimu wetu, ambaye tulimwacha na karatasi mkononi na mama mbele yake. Kama karatasi ile ingefasiriwa kwa uangalifu, angemsomea hivi: "Kanabijeroli ni kampaundi isiyolevya iliyomo kwa kiasi kidogo katika mmea wa bangi. Imechunguzwa zaidi kwa panya, na kwa watu wachache wenye afya. Haijathibitishwa kuwa dawa ya ugonjwa wowote, na katika panya haikuzuia mishtuko ya kifafa. Kuvuta bangi si njia ya kuipata. Mgonjwa asiache dawa alizopewa hospitalini."

Maneno ni mengi kuliko yale ya kwanza, na hayana utamu wake. Lakini hakuna hata moja ambalo mama wa Kibondo hatalielewa akielezwa mara moja, isipokuwa jina la kampaundi, ambalo ni jipya kwa kila mtu, msomi na asiye msomi. Tafsiri nyepesi ilimpa matumaini na kumnyang'anya vidonge. Tafsiri hii inamrudisha nyumbani na vidonge vyake. Wafasiri, walimu na watumishi wa umma watakaoipokea karatasi nyingine ya namna hiyo kesho, kabla ya kuisambaza Kasulu au kwingineko, na waipime kwa swali moja tu: msikilizaji wetu atafanya nini baada ya kuisikia?